Maumivu yameisha, kano bado: maswali yenu kuhusu bega baada ya upasuaji

Barua nyingi za mwezi huu zimeangukia bega. Wengine mmeshonwa kano, wengine mmewekewa vyuma baada ya ajali, na mmoja bega lilikuwa linachomoka kila akidaka mpira. Tumejibu zile zinazowagusa wengi. Kama karatasi uliyopewa siku ya kuruhusiwa hospitalini inasema tofauti na sisi, ifuate hiyo karatasi. Aliyeiandika ameiona kano yako kwa macho yake, sisi hatujaiona.

Shikamoo daktari. Nina miaka 56. Nimeshonwa kano ya bega la kulia kwa matundu madogo, sasa ni wiki ya nne. Niliambiwa nivae slingi, kile kitambaa cha kuubeba mkono shingoni, wiki sita, lakini maumivu yamepungua sana na dawa nimeacha. Siwezi kuivua nikaanza kazi ndogondogo, mfano kusonga ugali?
*Msomaji, Tanga*

Marahaba, mama. Usiivue, na mwiko mwachie mwingine.

Kano ni ile kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa. Yako ilikuwa imebanduka kwenye kichwa cha mfupa wa mkono. Daktari ameivuta akairudisha mahali pake, akaifunga kwa nyuzi zilizoshikiliwa na vinanga vidogo vilivyozamishwa mfupani. Leo, wiki ya nne, kinachoishikilia ni uzi. Mwili wako bado haujaishika. Maumivu yamepungua kwa sababu uvimbe wa upasuaji umetulia, na uvimbe hutulia ndani ya wiki chache. Kano kuota upya kwenye mfupa ni kazi nyingine kabisa, yenye kalenda yake. Wiki sita za mwanzo mwili hujaza pale kovu laini. Ni karibu na wiki ya 12 ndipo kovu hilo huwa limeshika kiasi cha kuanza kuvutwa kwa nguvu, na baada ya hapo huendelea kukomaa kwa miezi mingi. Kwa hiyo kuna kipindi kirefu ambapo mgonjwa hahisi kitu na kano bado changa. Wewe umo ndani yake hivi sasa. Anayeumwa hujilinda mwenyewe. Tunaohangaika nao ni wale wasioumwa.

Tena mkono wenyewe ni mzigo. Mkono mzima, kuanzia begani hadi vidoleni, una uzito wa karibu asilimia 5 ya mwili. Mtu wa kilo 70 akiunyanyua mkono mtupu hewani, kano za bega zimeshabeba kilo tatu na nusu, na kadiri unavyonyooka mbele ndivyo unavyozidi kuzielemea. Ongeza ugali unaogoma sufuriani, bega likisukuma na kuzungusha mara mia. Nyuzi hazikushonwa kwa kazi hiyo. Adui mwingine asiyetajwa ni kamba ya kuanikia nguo: shuka iliyolowa, mikono juu ya kichwa, na haraka ya kuwahi jua.

Hakikisha pia slingi imevaliwa inavyotakiwa. Kiwiko kikae ndani kabisa kwenye kona ya nyuma, kiganja kiwe juu kidogo kuliko kiwiko, na mkanda usikate shingo. Uwekee khanga iliyokunjwa chini yake. Bega lisining'inie, wala lisisukumwe juu kuelekea sikio. Ukioga, ivue, inama kidogo mbele mkono uning'inie wenyewe, safisha kwapa, kausha vizuri. Kwa joto la Tanga, kwapa lililofungwa likabaki na maji linaota fangasi kwa siku chache tu, kwa hiyo weka kitambaa chembamba cha pamba katikati. Nguo huanza kuingia mkono uliopasuliwa na kutoka mwisho. Dera pana au shati la vifungo litakupunguzia vita.

Siku ya kliniki muulize daktari mambo matatu na umwombe ayaandike: ni kano ipi iliyoshonwa, tundu kwenye kano lilikuwa na ukubwa gani, na mkono unaruhusiwa kufika wapi kila upande kwa sasa. Mtaalamu wa viungo asiyejua hayo matatu anabahatisha.

Naishi mbali na mji. Mtaalamu wa viungo naweza kumwona mara moja kwa mwezi. Nimeshonwa kano, niko wiki ya pili. Kuna mazoezi ya nyumbani yasiyohitaji vifaa vya kununua?
*Mwalimu, Rukwa*

Yapo, Mwalimu, na mara moja kwa mwezi inatosha ukiyafanya kwa utaratibu. Dakika tano hadi kumi, mara tatu au nne kwa siku, zinalifaa bega kuliko saa nzima mara moja. Hatua zinazofuata ni za kano iliyoshonwa kwa kawaida. Tundu kwenye kano lilikuwa kubwa au kano yenyewe ilikuwa mbovu? Huenda daktari akachelewesha kila kitu kwa wiki kadhaa.

Tangu siku ya kwanza shingo, kiwiko, kifundo cha mkono na vidole havina ruhusa ya kulala. Kunja na kunjua kiwiko mara 10, finyanga kitambaa kilichoviringishwa mara 20, fanya hivyo kila baada ya saa mbili ukiwa macho. Hiyo inaondoa uvimbe mkononi na inazuia kiwiko kukakamaa. Kuna tahadhari moja: kama kano ya msuli wa mbele wa mkono, ule unaotuna ukikunja kiwiko, nayo imeshonwa, usikikunje kwa nguvu zake. Kikunjwe na mkono mzima, yaani ule usiopasuliwa.

Kisha kuna pembea, ambayo karibu kila mtu huifanya vibaya. Simama kando ya meza, egemea kwa mkono mzima, inama mpaka mgongo ukaribie kulala, mkono uliopasuliwa uning'inie kama mkonga. Sasa yumbisha *kiuno*, mbele na nyuma, kisha kwa duara. Mkono ufuate wenyewe. Duara lisizidi upana wa sahani ndogo, kama sentimita 20. Ukitaka duara kubwa utajikuta unauzungusha mkono kwa msuli, na hapo umeshatoka kwenye zoezi la kupumzisha kano umeingia kwenye la kuivuta. Dakika mbili zinatosha. Ukisikia kizunguzungu kwa kuinama, acha hilo, fanya linalofuata.

Tunalolipenda zaidi kwa wiki za mwanzo ni la mezani. Kaa kwenye kiti mbele ya meza laini. Weka viganja juu ya khanga iliyokunjwa, kisha inamisha mwili mbele taratibu ili khanga iteleze na kusukuma mikono mbele. Uzito wote uko mezani, bega halinyanyui kitu. Simama pale linapoanza kubana, hesabu hadi kumi, rudi. Mara 10. Mwanzoni utafika kama nusu ya mkono, na hiyo si aibu.

La tatu ni la kufungua bega kwa nje. Lala chali, weka taulo lililokunjwa chini ya kiwiko ili kisizame nyuma, kiwiko kimekunjwa na kimegusa ubavu. Shika mpini wa ufagio kwa mikono yote miwili, na mkono mzima ndio usukume ule mwingine kuelekea nje. Usivuke kiwango ulichopewa. Wengi mwanzoni huzuiwa kwenye pembe ya nyuzi 30. Hapa ndipo swali la "kano ipi" linapolipa. Iliyoshonwa ikiwa ni ile ya mbele ya bega, zoezi hili likipita mpaka linaivuta moja kwa moja.

Ukiingia wiki ya 6 na slingi ikaruhusiwa kutoka, unaanza kusaidia kidogo kidogo. Ukiwa umelala chali, mkono mzima ushike kifundo cha mkono mgonjwa na kuupandisha kuelekea kichwani. Kila siku chache mkono mzima upunguze msaada. Halafu fanya hivyohivyo umeketi umeegemea mgongo nyuma kidogo, halafu umesimama. Mpangilio huo una sababu: ukilala, mkono ukishapita usawa wa macho uzito wake unakusaidia badala ya kukupinga. Baada ya hapo panda ukuta kwa vidole. Weka alama ya chaki kila Jumapili mahali vidole vilipofika. Chaki unazo, na alama ile inasema ukweli kuliko hisia.

Pima maumivu kwa namba, sifuri mpaka kumi. Wakati wa zoezi yasizidi tatu au nne, na yawe yamerudi ulipoanzia kabla ya kesho muda kama huo. Yakilala hadi kesho, umezidisha: usiache zoezi, ila punguza nusu. Taulo la maji ya moto dakika 10 kabla hulainisha bega. Barafu iliyofungwa kitambaani, dakika 10 hadi 15 baada ya zoezi, hulituliza. Isiguse ngozi moja kwa moja, hasa kama bado una ganzi.

Ubao darasani? Kuandika chini ya usawa wa bega, karibu wiki ya 8 hadi ya 10. Kuandika juu ya kichwa, subiri mwezi wa nne baada ya upasuaji. Mwanafunzi mrefu anaweza kukufutia ubao.

Wiki ya 10. Nikiinua mkono, bega linapanda mpaka sikioni na mkono unaishia usawa wa kidevu. Je, kano imekatika?
*Msomaji, Nakuru*

Huenda haijakatika. Hilo ni jambo la kawaida wiki ya 10, ila lisiachwe.

Mkono ukipanda hadi juu kabisa, yaani nyuzi 180, kiungo chenyewe hutoa kama 120, na 60 zilizobaki hutoka kwenye kombe la mkono, ule mfupa bapa wa mgongoni, unapozunguka. Kano nne ndogo zinazolizunguka bega zina kazi ya kukivuta kichwa cha mfupa na kukituliza ndani ya kikombe chake wakati msuli mkubwa wa nje unanyanyua. Kano zikiwa dhaifu, msuli mkubwa unashinda, kichwa kinasukumwa juu, na mwili unakopa mwendo kwa kulibinua kombe zima. Ndilo bega la "mimi sijui" unaloliona.

Simama mbele ya kioo. Inua mkono hadi pale tu bega linapotaka kupanda, usimame hapo, hata kama ni usawa wa kitovu. Rudia mara 10, mara tatu kwa siku, kiwiko kimekunjwa ili mzigo uwe mfupi. Ukiongeza kimo wakati bega linapanda, unaufundisha mwili kosa, na kosa hilo likishazoeleka ni kazi kulifuta kuliko hata udhaifu wenyewe. Ongeza na kubana makombe mawili ya mgongoni pamoja, hesabu tano, mara 15.

Jambo la kutofautisha ni hili: mwambie mtu akuinulie mkono ukiwa umelala na umelegea. Ukipanda vizuri kwa mkono wake lakini wewe mwenyewe huuwezi, tatizo ni nguvu. Ukigoma hata kwake, tatizo ni kukakamaa, na dawa yake ni kunyoosha. Uliweza wiki iliyopita na leo huwezi, baada ya kuteleza au kuvuta kitu ghafla? Hilo nenda hospitali wiki hiihii.

Usiku silali. Nikigeuka tu, bega linaniamsha.
*Msomaji, Dodoma*

Usilale bapa. Jenga mlima wa mito mgongoni ili uwe nusu umekaa, kama nyuzi 30 hadi 45, au tumia kochi. Weka mto mwingine chini ya kiwiko, kwa sababu kinachokuamsha ni kiwiko kudondoka nyuma ya mwili na kulivuta bega kwa mbele. Slingi ibaki usiku pia. Dawa ya maumivu uliyoandikiwa, kama ni ya usiku na mchana, dozi ya mwisho imeze nusu saa kabla ya kulala. Kulalia upande uliopasuliwa, subiri mwezi wa tatu baada ya upasuaji.

Maumivu ya usiku kwa wiki sita hadi nane ni ya kawaida. Yasiyo ya kawaida ni homa, mshono kutoa usaha au kuzidi wekundu na joto, vidole kuwa baridi au kubadilika rangi, ganzi inayoongezeka, au mkono wote au mguu kuvimba na kuuma. Kifua kikibana au pumzi ikikata, nenda hospitali usiku huohuo.

Bega limekakamaa. Mama mkwe ameniletea fundi wa kuchua anayesema atalifungua kwa siku tatu. Nimkubalie?
*Msomaji, Lindi*

Mshukuru mama mkwe, mpe fundi nauli yake, bega libaki lilivyo.

Kuchua kwa namna hiyo ni kuvuta mkono kwa nguvu kupita pale unapogoma. Kinachogoma kinaweza kuwa kovu la mfuko wa kiungo, kinaweza kuwa kano iliyoshonwa, na mikono ya fundi haiwezi kuvitofautisha. Kama kuna vyuma, mfupa ambao haujaunga unaweza kusogea. Mlio utakaosikia, na ambao wengi husifu kwamba "limefunguka", huenda ni kitu kilichokatika. Ziko hospitali zinazofungua bega lililoganda kwa kulisukuma, lakini mgonjwa hulazwa usingizi, na hufanya hivyo baada ya kano kupona.

Unachoweza kufanya ni kuchua *kovu*. Ngozi ikishafunga kabisa, bila kigaga wala unyevu, kwa kawaida baada ya wiki tatu, paka mafuta ya nazi kidogo na usugue kovu kwa ncha ya kidole, kwa duara, dakika tano mara mbili kwa siku. Ngozi itaacha kunata kwenye nyama ya chini. Misuli ya shingo nayo ichuliwe bila wasiwasi, kwa sababu imekuwa ikibeba slingi.

Nina kisukari. Wiki ya 9, mkono hautoki nje wala haupandi, na kila siku unazidi kubana. Wenzangu niliopasuliwa nao wanasonga mbele.
*Msomaji, Mombasa*

Usijilinganishe nao. Wenye kisukari wako kwenye hatari kubwa zaidi ya bega kuganda: mfuko unaozunguka kiungo unakuwa mnene na kusinyaa. Dalili yake ya mapema ni hiyo uliyoitaja, mkono kukataa kugeuka nje kiwiko kikiwa kimegusa ubavu, hata ukigeuzwa na mtu mwingine.

Ongeza idadi ya mara, si nguvu. Mara tano au sita kwa siku, kila mnyoosho ukae sekunde 20 hadi 30, baada ya joto. Lile la mpini wa ufagio ndilo la kwanza, kisha la mezani. Hakikisha daktari anajua, maana zipo sindano za kutuliza uvimbe ndani ya kiungo zinazoweza kusaidia, lakini kwa aliyeshonwa kano hupangwa kwa tahadhari, na kwa mwenye kisukari hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Kwa hiyo akikuchoma, pima sukari mara nyingi zaidi wiki hiyo. Sukari iliyotulia husaidia hata mshono kupona. Bega la namna hii hufunguka, ila linahesabu miezi.

Nilianguka na bodaboda, nikawekewa pleti kwenye mtulinga. Wiki ya 5. Naweza kurudi barabarani? Na mbona chini ya mshono pana ganzi?
*Dereva, Mwanza*

Ganzi kwanza, maana ndiyo nyepesi. Mishipa midogo ya fahamu ya ngozi inapita juu ya mtulinga, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega, na mara nyingi hukatwa au kuvutwa wakati wa kuweka pleti. Hupungua eneo kwa miezi, kwa wengine kipande kidogo hubaki milele. Haiathiri nguvu ya mkono.

Barabarani bado. Wewe huna kano ya kusubiri, una mfupa, na kalenda yake ni nyingine: mwendo unaanza mapema, mzigo unachelewa. Kwa wiki sita za mwanzo unauzungusha mkono chini ya usawa wa bega, zaidi ya hapo kwa ruhusa, kwa sababu ukivuka nyuzi 90 mtulinga wenyewe huzunguka na kuzielemea skrubu. Pleti haiponyi mfupa. Inaushikilia tu wakati unajiunga. Chuma kinachopigwa mtikisiko mdogo maelfu ya mara huchoka kikakatika, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Usukani wa pikipiki kwenye barabara ya vumbi ni huohuo mtikisiko, na abiria nyuma anakusukuma kila ukifunga breki. Subiri picha ya eksrei ioneshe mfupa umeunga, mara nyingi karibu na miezi mitatu. Kama unavuta sigara, acha angalau kipindi hiki. Moshi huchelewesha mfupa kuunga, na huchelewesha kano vilevile.

Mimi ni golikipa. Bega lilikuwa linachomoka, nimefanyiwa upasuaji wa kulikaza. Nahisi niko fiti. Ligi inaanza baada ya miezi mitatu.
*Mchezaji, Morogoro*

Ligi hiyo itazame ukiwa benchi. Kwa mchezo wa kugongana na kuanguka, hesabu ni kama miezi sita, na kwa kipa tusingependa kushusha.

Kwako hatari iko kwenye mkao mmoja: mkono umeinuliwa pembeni na kugeuzwa nyuma, kama mtu anayetaka kurusha jiwe. Ndio mkao ulioling'oa bega, na ndio mkao wa kipa akiruka pembeni. Kwa wiki sita za mwanzo usiukaribie hata wakati wa kuvaa fulana. Kuanzia wiki ya 6 hadi ya 12 unaukaribia taratibu chini ya macho ya mtaalamu. Usikazane kuurudisha mwendo wa nje wote haraka. Bega lililolegea mapema ndilo linalorudi kuchomoka. Kama upasuaji wako ulihusu kuhamisha kipande cha mfupa kuja mbele ya kikombe cha bega, kipande hicho kimekuja na kano zinazosaidia kukunja kiwiko, kwa hiyo usinyanyue kitu kwa kukunja kiwiko kwa wiki sita.

Kipimo cha kurudi uwanjani si tarehe peke yake. Mwendo uwe umekaribia wa upande wa pili, nguvu ya kugeuza mkono nje na ndani ifike angalau asilimia 90 ya mkono mzima, na uweze kupiga pushapu na kuanguka kwenye godoro bila kuogopa. Woga wenyewe ni kipimo: kipa anayesita hewani huangukia vibaya.

Assalamu alaykum. Ni lini naweza kusujudu baada ya kushonwa kano?
*Msomaji, Unguja*

Waalaykumu salaam. Kusujudu huweka uzito wa kifua kwenye viganja, na kuinuka kunasukuma zaidi ya kushuka. Kwa kano iliyoshonwa tungesubiri wiki 12, uanze kwa kusukuma ukuta, kisha meza, kisha sakafu. Hadi hapo sali kwenye kiti kwa ishara, ruhusa ya mgonjwa ipo, na wa kukuthibitishia ni imamu wako. Takbira nayo, wiki sita za mwanzo inua ule mkono usiopasuliwa tu.

Nimemaliza miezi mitatu, mkono unafika juu lakini hauna nguvu. Nawezaje kurudisha nguvu, na ndoo ya maji nitaibeba lini?
*Msomaji, Kilifi*

Umefika zamu ya nguvu, na umefika kwa mpangilio sahihi: mwendo kwanza.

Anza kwa kusukuma bila kusogea. Simama kando ya ukuta, kiwiko kimekunjwa nyuzi 90, kitambaa kimebanwa kati ya kiwiko na ubavu. Sukuma ukuta kwa mgongo wa kiganja kana kwamba unafungua mlango, kwa nusu ya nguvu zako, sekunde 10, mara 10. Geuka, sukuma kwa ndani. Wiki moja au mbili za hivyo bila maumivu, ndipo uingie kwenye mpira. Tyubu kuukuu ya baiskeli iliyochanwa kwa urefu inatosha. Funga ncha kwenye nguzo usawa wa kiwiko, kagua kila siku kama ina mpasuko, isije ikakupiga jicho. Vuta kwa nje polepole, hesabu mbili kwenda na nne kurudi. Kurudi polepole ndiko kunakojenga, na wengi huuachia mpira urudi wenyewe. Seti tatu za mara 10 hadi 15, siku tatu kwa wiki, zikiachana siku moja.

Uzito wa mkononi tumia chupa, ina faida moja ambayo vyuma vya jim havina: unaongeza kidogo upendavyo. Maji nusu lita ni nusu kilo. Anza na robo lita kwa kunyanyua mbele, kiwiko kimekunjwa. Ukimaliza seti tatu za mara 15 kwa wiki nzima bega halijapanda wala halijauma hadi kesho yake, ongeza robo lita nyingine. Kiwiko kikinyooka mzigo unakaribia kuwa mara mbili hata kama chupa ni ileile, kwa hiyo ukikinyoosha rudi nyuma kwenye maji. Wengi huganda kwenye kilo moja au mbili kwa wiki kadhaa, isikutie hofu.

Kazi za nyumbani zina ngazi zake, miezi ikihesabiwa tangu upasuaji. Kukuna nazi na kufua nguo ndogo, kiwiko karibu na ubavu, mwezi wa nne. Kukamua blanketi na kusonga ugali wa familia, wa tano. Kutwanga, kuchanja kuni na kulima kwa jembe, wa sita na kuendelea, uanze na dakika 10.

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Kuibeba ikiwa imeshakaa kichwani si tatizo kubwa la bega, shingo ndiyo inayofanya kazi. Tatizo ni kujitwika: unaivuta kutoka chini, unaipitisha mbele ya uso, unaimalizia juu mikono imenyooka, na mkono mmoja ukitetereka kilo zote zinahamia wa pili kwa ghafla. Kwa hiyo hadi mwezi wa sita tafuta wa kukutwisha na wa kukutua, na usiishikilie kwa mkono uliopasuliwa ukiwa njiani. Kabla ya hapo chota nusu ndoo, ibebe kwa mkono mzima. Siku ya kwanza ya kujitwika mwenyewe, jaza lita tano tu, na uifanyie kisimani palipo na watu.